Injini Iliyopakwa Poda

Usiniamini. Tena nakuomba kabisa usiniamini, maana najua sura ya mtu aliyesoma akisikia habari kama hii: anakunja pua, anajiweka vizuri kwenye kiti, anatafuta neno gumu la kuniponya. Litafute. Mimi darasa niliacha mapema, nikamwachia mwalimu chaki yake na ubao wake, nikashika spana, na mpaka leo wale waliobaki kukariri wanasukuma pikipiki zao hadi kwangu jua likiwachoma, wananiita "fundi, fundi" kwa sauti ya mgonjwa aliyeona nesi. Kwa hiyo kama unataka kucheka, cheka. Ukimaliza uniambie, wewe na akili zako zote, oili inavujaje kutoka kwenye injini bila kupungua.

Ilianza asubuhi ya kawaida. Gereji yangu ni kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, na mbele yake kuna uwanja wa mchanga uliokunywa oili hadi ukawa mweusi na mgumu kama lami. Ng'ambo ya barabara yuko fundi mwenzangu, kama naweza kumwita mwenzangu, tunayemwita Gasketi kwa sababu hajui ugonjwa mwingine. Pikipiki haiwaki, gasketi. Taa hazina nguvu, gasketi. Mke wa mtu akinuna, nina hakika Gasketi atashauri afunguliwe kichwa abadilishwe gasketi. Siku hiyo hakuwa na mteja, kama kawaida yake, akawa amekaa juu ya tairi bovu akinitazama mimi nikifanya kazi.

Ndipo akaja shemeji, anasukuma.

Shemeji ni mume wa dada yangu mkubwa, dereva wa bodaboda. Nikueleze vipi huyu mtu? Ni mwema. Yaani ni mtu akijigonga kwenye mlango anauomba mlango samahani. Dada yangu angeweza kuolewa na mwanamume yeyote mwenye sauti, akachagua huyu. Siku ya harusi nilimwambia dada amechukua pazia. Akanizaba kofi palepale mbele ya wageni.

"Shemeji, inavuja," akasema, akaiegesha.

"Nini, wewe au pikipiki?"

Hapo angecheka. Hucheka kila nikimtukana, ndiyo tabia inayoniudhi zaidi. Safari hii hakucheka. Alilamba midomo, nikaona imepasuka kama udongo wa kiangazi. Mikono yake hadi kwenye viwiko ilikuwa na weupe wa ukavu, ule wa mtu aliyeoga kisha akakosa mafuta ya kujipaka.

"Jana ilikuwa kavu kabisa," akasema. "Leo nimeamka nimekuta dimbwi chini yake. Nikafuta. Nimefika kijiweni, dimbwi lingine."

"Umeongeza oili?"

"Sijaongeza."

Sasa ngoja nikupe elimu ya bure. Oili inayovuja ghafla haina maajabu. Kuna gasketi ya kichwa, ambayo namwachia jirani yangu. Kuna sili nyuma ya sproketi, ikichoka inatema. Kuna sili ya kiki. Kuna bolti ya chini ya kumwagia oili, ambayo wajinga wanaikaza kwa hasira hadi inakula uzi. Na kuna mpasuko, pikipiki ikianguka. Tatizo ni kwamba upepo unaisukuma oili nyuma, inapaka kila mahali, na fundi mjinga anafungua anapoona uchafu, si pale inapotokea. Mimi si mjinga. Ninaosha injini kwa petroli na brashi hadi inang'aa, naipuliza kwa upepo hadi inakauka, halafu naipaka poda. Poda hiihii ya watoto. Kisha nawasha na kusubiri. Poda inapolowa kwanza, hapo ndipo penye mgonjwa.

Nilichomoa kwanza kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa kwenye mstari wa juu kabisa. Nikaosha, nikakausha, nikapuliza poda, nikashusha beseni tupu chini ya injini. Injini ikawa nyeupe kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Mbona hujaivisha nepi," Gasketi akasema kutoka ng'ambo.

"Nakusubiri uvue yako," nikamjibu.

Nikapiga kiki. Ikawaka vizuri, mlio safi. Nikachuchumaa upande wa kulia, mbele ya kava la klachi, kile kifuniko kipana cha alumini unachokiona karibu na mguu wa dereva. Maungio yote makavu. Bolti zote kavu. Halafu katikati ya kava, mbali na kiungo chochote, kwenye chuma kitupu, ukatokea mstari mwembamba wa unyevu. Ulianza juu, ukapinda kuelekea chini. Ukatokea wa pili unaokatiza. Kisha wa tatu. Kisha vijistari vidogo vidogo.

Nikazima. Nikafuta. Nikakwaruza kwa msumari nione mpasuko, hakuna. Nikagonga kwa spana. Chuma kikalia kizima. Nikapaka poda tena, nikawasha tena.

Ilikuja mistari ileile. Mahali palepale.

Kwenye beseni tayari palikuwa na oili ya kutosha kunawa uso. Nikapima kijiti. Mstari wa juu.

"Hili kava si la kiwandani," nikamwambia shemeji. Lilikuwa na chembechembe za kumiminwa kwenye mchanga, nilipaswa kuliona mapema. "Umelitoa wapi?"

"Nilianguka kwenye kona, la zamani likapasuka. Nikamiminiwa na Mimina."

Mimina tunamjua sote. Yuko nyuma ya soko la vyuma chakavu, anayeyusha sufuria mbovu na kumimina vipuri. Kazi yake si mbaya, ingawa mimi huwa naisema vibaya ili wateja wasizoee.

"Akaniambia niweke kiganja kwenye mchanga kabla hajamimina," shemeji akaendelea. "Ati chuma kimjue mwenyewe."

"Na wewe ukaweka."

"Aliomba vizuri."

Nilitaka kumwambia kitu kibaya sana hapo, kilikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa ameshageuka, anaitazama barabara kama mtu anayesoma kibao kilichofutika. Akanisogelea, akaongea kwa sauti ya chini ili Gasketi asisikie.

"Shemeji. Mtu akitoka hapa, kwangu anaelekea upande gani?"

Nikampigia dada simu.

Dada ni fundi cherehani, kibanda chake hakiko mbali, alikuja bado ana pini kwenye ukosi wa gauni. Alimkalisha mumewe kwenye benchi, akampa maji, akamfunika kichwa kwa kitambaa maana jua lilikuwa la kuua. Mimi nilikuwa natiririka jasho hadi kwenye soksi. Yeye alikuwa mkavu. Nilimwona akinywa jagi zima na hakuna hata tone lililotoka kwenye ngozi yake.

Dada akanivuta pembeni, nyuma ya kibanda.

"Tangu juzi hatoki jasho," akanong'ona. "Jana alilia, sijui analia nini, machozi hakuna. Na asubuhi ameniamkia."

"Amekuamsha?"

"Ameniamkia. Ameniambia shikamoo mama. Nikadhani utani wake. Halafu akaniomba ruhusa apite aende kazini."

"Dada, hiyo ni homa. Mpeleke hospitali. Hapa kuna mpasuko mdogo usioonekana, nitauziba."

"Hospitali tumetoka jana. Wamesema mzima." Alinishika shati kifuani. Dada huwa hanishiki, hunipiga. "Mimi sina shida na pikipiki, mdogo wangu. Choma moto ukitaka. Nataka huyu mtu arudi alivyokuwa."

Nikamwambia asilete mambo ya vijijini kwenye gereji yangu. Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo huuhuu.

Sasa kufungua kava la klachi kuna taratibu zake. Fundi mvivu anailaza pikipiki upande ili oili isimwagike. Fundi wa kweli anamwaga oili kwanza. Nikaingia chini, nikafungua bolti, oili ikashuka kwenye beseni. Ilishuka taratibu mno. Oili iliyotumika ina harufu yake ya kuungua, hata nikiwa usingizini naijua. Hii haikuwa na harufu hiyo. Ilinuka kama foronya. Harufu ya kichwa cha mtu, asubuhi, kwenye mto wake.

Nikajiambia ni poda.

Na sisi mafundi oili ya kumwaga hatuitupi. Kuna mteja alikuwa anasubiri, cheni yake inalia kama kuku. Nikachovya brashi kwenye beseni, nikampaka cheni nzima, nikachovya tena, nikampaka tena, nikakung'uta brashi mchangani, akapanda akaondoka zake. Ni mazoea. Hata ukiniamsha sasa hivi ukanipa brashi na oili chafu nitatafuta cheni.

Niliporudi kwenye kava nikasikia dada anaita. Hakupiga kelele. Alikuwa anaita jina la mumewe polepole, kama unavyoita mtu aliyeko chumba kingine. Shemeji alikuwa amekaa wima kwenye benchi, macho wazi. Nikapunga mkono mbele ya uso wake. Macho hayakufuata. Hakuwa amekufa, kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Alikuwa tu kama nyumba ambayo watu wameihama.

Nikafungua bolti za kava haraka haraka. Nikalitoa. Nikaligeuza.

Ndani kulikuwa na kiganja.

Usidhani nasema alama. Alama nimeziona. Hiki kilikuwa kiganja kilichoingia ndani ya alumini, na vidole vyake vitano, na kucha ya kidole gumba iliyotafunwa kama shemeji anavyotafuna zake, na mistari ya kiganja. Mistari hiyo ilikuwa imelowa. Oili ilikuwa inatoka ndani yake, chembe kwa chembe, ilhali injini imezimwa na imekauka. Nikagusa kwa kidole.

Kilikuwa na joto. Si joto la injini.

Gasketi alikuwa amevuka barabara bila mimi kumwona. Alisimama nyuma yangu akatazama ndani ya kava kwa muda. Nilisubiri aseme neno lake.

"Lifunike," akanong'ona.

Nilimwacha shemeji na dada, nikaenda kwa Mimina mbio. Nilibeba spana kubwa, namba inayotosha kuvunja mtu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno nitakayomwambia, na yalikuwa maneno mazuri.

Nilimkuta amepiga magoti mbele ya sanduku lake la mchanga, anashindilia kwa ngumi. Pembeni moto unavuma chini ya chungu cha chuma, sufuria za watu zimerundikwa hadi kiunoni. Nyuma yake kulikuwa na ubao wenye makava aliyokwisha kumimina. Yote yalikuwa yamegeuziwa ukutani, kama watoto waliopewa adhabu.

"Kava lako linavuja," nikasema, nikamwonyesha spana.

"Halivuji," akasema bila kuinua kichwa. "Linakunywa. Unachokiona chini ni makombo."

"Linakunywa nini?"

Akauliza, "Umemwaga?"

"Nimemwaga."

Ngumi ikasimama hewani. Hapo ndipo aliponitazama, na nakuapia, yeye ndiye aliyeonekana kuogopa.

"Rudisha," akasema. "Yote. Mpaka mstarini. Ya dukani haiingii. Ukifunga, washa, yeye aweke mkono nje ya kava mpaka kijiti kitoke kikavu. Asiondoe mkono. Kikiwa kikavu, vunja."

"Na kama imepungua?"

"Atabaki pungufu." Akarudi kwenye mchanga wake. "Au ipatikane ya mtu mwingine. Pale ndani. Kiganja kwa kiganja."

Kisha akaninyooshea mkono wake nione. Kiganja chake kilikuwa laini kabisa. Hakuna mstari hata mmoja. Kilikuwa kama ndani ya kijiko.

"Ulimjazia nani?" nikamuuliza. Sauti yangu ilikuwa imeshuka, sijui ilishuka lini.

Alifikiri kwa bidii. Aliukunja uso kama mtoto mbele ya hesabu.

"Nilikuwa najua," akasema.

Nilirudi nikimlaani njia nzima. Nikasahau kumpiga.

Gereji ilikuwa kimya. Hata lile duka la ujenzi walikuwa wamefunga kwa chakula cha mchana, jua liko juu ya utosi, kivuli hakuna. Nikarudisha bolti ya chini na kava, nikanyanyua beseni kwa mikono miwili kama nimebeba mtoto, nikaanza kumimina kwa mrija, tone lisiende nje. Ikaisha. Nikapima.

Haikufika.

Ilikuwa chini ya mstari kwa kiasi cha kikombe. Na nilijua kikombe hicho kiko wapi. Kilikuwa kwenye cheni ya mtu nisiyemjua, kinarushwa barabarani, kinashika vumbi.

Nikajaribu ya dukani, kwa sababu mimi ndiye mimi. Kopo jipya. Nilitia kidogo tu. Pale kwenye benchi shemeji akakohoa, na mstari mweusi ukashuka kutoka tundu la pua hadi mdomoni. Nikainamisha pikipiki, nikaitoa haraka ile niliyotia, ilikuwa imekaa juu peke yake kama mafuta juu ya maji.

Dada alinitazama.

Nikajazia. Usiniulize kwa kitu gani, fundi ni mimi. Nikajazia hadi mstarini, nikafunga tena kava, nikakaza bolti. Mimi na Gasketi tukambeba shemeji na benchi lake, tukamweka ubavuni mwa injini. Dada akauchukua mkono wake akaubandika juu ya kava.

Nikapiga kiki.

Ikawaka.

Mkono ukabaki. Chuma kikaanza kupata moto. Nikasikia harufu ya ngozi. Dada akafumba macho lakini hakuuondoa mkono wake juu ya wa mumewe, na wake pia ulikuwa unaungua. Nikachomoa kijiti. Imeshuka. Nikafuta, nikapima tena. Imeshuka zaidi. Chini hakuna tone. Poda yote kavu.

Shemeji akapepesa macho.

Mlio ukabadilika. Injini isiyo na oili inalia kwanza kwa koo kavu. Kisha inagonga. Gasketi alikuwa amejishika kichwa, na mimi pia iliniuma, naomba unielewe, nilikuwa naua injini nzima kwa mkono wangu. Ikagonga. Ikagonga. Dada ananong'ona jina. Ikagonga.

Ikakwama.

Kimya.

Nikachomoa kijiti. Kikavu.

Nikachukua nyundo, nikapiga. Alumini ya kumiminwa haipasuki vizuri, ina ukaidi, lakini kava lile lilivunjika kama biskuti. Nikageuza vipande kimoja kimoja. Ndani palikuwa bapa. Hakukuwa na kidole, hakukuwa na kucha, hakukuwa na kitu.

Jasho likamtoka shemeji. Lilianza kwenye paji la uso, likashuka kama mtu aliyemwagiwa ndoo. Akamtazama dada, akamwita jina lake la chumbani, jina ambalo siwezi kulitamka hapa kwa sababu bado namheshimu dada yangu. Kisha akatazama injini iliyokufa, akaniomba samahani kwa usumbufu.

"Mimi ningebadilisha gasketi tu," Gasketi akasema, akavuka barabara kurudi kwenye tairi lake.

Kesho yake tukaenda na vijana wa kijiweni kumvunjia Mimina. Tulimkuta amekaa. Alituangalia kwa adabu, akatuuliza tungependa kumiminiwa nini. Hakunikumbuka. Nilimsogezea uso wangu karibu kabisa, hakunikumbuka. Vijana wakavunja sanduku la mchanga, wakayachukua yale makava yaliyogeuziwa ukutani wakayatupa chooni, na yeye akawashikia mlango.

Hiyo ndiyo hadithi ninayoisimulia kijiweni, na huwa naikatia hapo. Watu wanacheka, wananiita mwongo, wananinunulia soda. Lakini kwa kuwa wewe umekaa mpaka sasa bila kukunja pua, au umekunja kimoyomoyo, nitakupa kipande ninachokiruka.

Ni pale kwenye kujazia.

Nilimtuma dada akachote maji. Nilimtuma Gasketi akalete nyundo yake, ingawa yangu ilikuwepo. Nikabaki peke yangu, nikailaza pikipiki upande kama fundi mvivu, nikalitoa kava tena. Nikaliweka magotini. Shemeji ana mikono midogo, ya mtu wa kuandika barua. Yangu ni mikono ya kazi. Nikaingiza kiganja changu mle ndani na kilinienea. Kila kidole kilipata mahali pake. Nikangoja maumivu. Nilikuwa nimeyaandalia hata tusi. Hayakuja. Nilisikia tu kitu kikiteleza, kama neno linalokutoka ulimini wakati unataka kulisema, na oili ikajaa mle kwenye kiganja, nyeusi, nikaimimina kwa mrija, nikarudisha mkono tena. Na tena. Mpaka mstarini.

Baadaye nilijikagua. Jina langu nalijua. Spana zangu zote nazijua kwa kugusa. Matusi yote yapo. Nikasema, kumbe hakuna nilichokosa, Mimina ni mjinga tu aliyezeeka. Ndivyo inavyokuwa. Kisichokuwepo hakiumi.

Halafu Jumapili moja nimekwenda kwa dada. Shemeji amepona, amenenepa, amekaa mkekani amekunja suruali anajisugua miguu. Kwenye goti lake la kushoto kuna kovu. Refu, limepinda, na alama za nyuzi pembeni. Dada akaliona, sahani ikamponyoka.

"Hilo si lako," akamwambia mumewe. Kisha akanigeukia mimi. "Ni lako. Ulianguka na chupa. Kunja suruali."

Nikakunja. Goti langu lilikuwa laini kama la mtoto mchanga.

Shemeji hakuona ajabu. Akaanza kusimulia, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi, jinsi alivyokuwa mdogo, alivyoteleza na chupa ya mafuta ya taa, jinsi mama alivyotoka ndani mikono ina povu la sabuni akambeba mgongoni mpaka zahanati, anaimba njia nzima ili asilie. Akauimba wimbo wenyewe. Dada akakaa chini. Mama alifariki mimi nikiwa mdogo. Najua tulikuwa naye kwa sababu nimezaliwa. Najua kwa kuwa picha ipo ukutani. Nilimtazama yule mwanamke kwenye picha, na kama angepita barabarani ningempisha kama mteja.

Kwa hiyo siku hizi kila Jumapili nakwenda. Dada anafikiri hatimaye nimempenda mumewe. Namtukana kwanza, ili mambo yaonekane ya kawaida. Namwambia ni pazia, anacheka. Halafu dada akiingia jikoni nasogea karibu yake, nainamisha kichwa, nanong'ona.

"Hebu anza tena. Pale anapotoka mlangoni. Sauti yake ilikuwaje?"